Swila na Maziwa ya Jirani

Nyumba yetu iko chini ya Kyambogo, pale mteremko unapoishia kwenye kinamasi cha mafunjo. Watu wakisikia tunaishi Kampala hudhani wanyama tunawaona kwenye televisheni tu. Waje walale kwetu msimu wa mvua. Kenge huingia bandani kula mayai ya kuku, na akifukuzwa huondoka bila haraka, amenuna, kana kwamba sisi ndio tuliomkosea. Siafu wakiamua kupita sebuleni, tunaohama ni sisi. Na nyoka ndiyo usiseme. Mama yangu hukung'uta kila kiatu kilicholala mlangoni, hata viatu vya wageni, na mgeni asiyejua sababu huona amedharauliwa.

Baba yangu ni mwalimu wa madrasa. Babu zake walifika huku na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, wakaoa, wakabaki, na mpaka leo nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili katikati ya mtaa wa Waganda. Ni mpole kwa watoto na mkaidi kwa watu wazima. Jicho lake la kulia lilikufa zamani kwa presha ya macho. Lililobaki ni la kushoto, na nyumba nzima ililitunza. Uani hapakufagiliwa akiwa ameketi, wala pilipili haikukaangwa akiwa karibu. Kurani anayo kifuani, kwa hiyo kutosoma hakukuwa hofu yake. Aliwahi kumwambia mama kwamba anachokiogopa ni siku atakayoshikwa mkono kupelekwa chooni. Alisema mara moja tu, na mimi ninayecheka kila kitu sikucheka.

Ukuta wa nyuma tunachangia na familia ya Kikatoliki: bibi mmoja mjane, mwanawe anayeendesha bodaboda, na mke wa huyo mwana, binti mdogo ambaye wakati huo alikuwa akinyonyesha mtoto wake wa kwanza. Jumapili wote walijipanga juu ya pikipiki hiyo moja kwenda misa Lubaga. Walikuwa watu wema. Ugomvi wetu nao ulikuwa mmoja tu, nguruwe. Banda lao liliegemea ule ukuta, na upande wetu, karibu kabisa, ndipo kilipo kibanda cha madrasa. Upepo ukigeuka, watoto walisoma huku wameziba pua, na ukiziba pua kuna herufi hazitoki. Baba akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akarudi tena, na tena, mpaka mwenyekiti akachoka naye, akaamuru banda livunjwe. Bibi aliwapeleka nguruwe wake kwa dada yake kijijini, shingo upande, na kwa muda mrefu salamu zake zilikuwa fupi.

Baba alifurahi kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Akaanza mipango ya kupanua madrasa.

Pale palipokuwa na banda nyasi zikaota, panya wakahamia, na baada ya panya tukaanza kuona dalili nyingine. Siku moja mama aliokota gamba la nyoka kando ya mfereji, refu, zima, laini kama soksi ya nailoni. Bibi alipolisikia hilo alituambia juu ya ukuta kwamba nguruwe hula nyoka, na kwamba tumewafukuza askari wetu wenyewe. Baba akasema hayo ni maneno ya mtu anayelilia nyama yake. Mimi sijui kama ni kweli nguruwe hula nyoka. Ninachojua ni kwamba nguruwe walipokuwepo hatukuwahi kuokota gamba.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Maji ya bomba yalikatika tangu jana yake, na kila mtu mtaani alikuwa akibana alicho nacho. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele. Baba aliamua siku hiyo hiyo aondoe rundo la mabati makuukuu lililokuwa ukutani, ili apime mahali pa msingi. Mama alimwambia asubiri mtu wa kumsaidia. Akasema mabati si maiti, hayahitaji watu wanne.

Aliinua bati la kwanza, la pili. La tatu lilipoinuka nikamwona swila, yule nyoka anayetema sumu. Alisimama, shingo ameipanua, mweusi, na alikuwa upande wa kulia wa baba, upande wa jicho lililokufa. Baba hakumwona. Alisikia tu kitu kikipuliza, akageuka kutazama, na kwa kugeuka akampelekea lile jicho lake zima. Sikuona sumu ikiruka. Niliona baba akiachia bati na kuufunika uso, kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake. Swila alijishusha, akapita kwenye ufa wa ukuta kuelekea kwenye mafunjo. Hakuna aliyemfuata. Mtaani leo wanasimulia kwamba alikuwa na urefu wa bodaboda mbili, na wasimulizi wenyewe hawakuwepo.

Mama alifika kabla yangu. Alimshika baba mikono yote miwili, maana alikuwa anasugua, na kusugua ndiko kunakoipeleka sumu ndani. Nikakimbilia birika la kutawadhia mlangoni. Lilikuwa na maji ya kuoshea miguu ya mtu mmoja. Tulimlaza, tukayamimina yote, na baba akawa anasema bado linaungua, bado. Jerikeni zilikuwa kavu. Bomba nililifungua nikijua, likatoa upepo. Nilisimama nimeshika birika tupu, nikijua kwamba kila pumzi tunayoivuta hapo lile jicho linakwenda.

Kichwa cha bibi kikatokea juu ya ukuta. Kwake pia hapakuwa na maji. Hakuuliza maswali mengi. Aliita nyuma yake kwa Kiganda, kisha akatugeukia.

"Kama maji hapana, maziwa ya mama iko," alisema. "Hajati, shika yeye kichwa."

Binti alizunguka kwa lango la nyuma akikimbia, mtoto begani. Mtoto alinipa mimi. Akapiga magoti kando ya baba, na mama akavua mtandio wake akamfunika nao mabega, akabaki kichwa wazi uani kwake mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mzee, wewe hapana sugua," binti alisema taratibu. "Sugua inahalibu."

Baba aliitambua sauti. Pamoja na maumivu yote yale, akageuza uso, akaanza kusema kwamba huyu ni mke wa mtu, haifai, subirini maji. Nusura nilie kwa hasira. Mama yangu, ambaye katika ndoa yao yote sikuwahi kumsikia akimwamuru, aliushika uso wake akaurudisha mahali pake.

"Funga mdomo, fungua jicho," akamwambia.

Akafungua. Maziwa yalimwagika jichoni, yakatiririka shavuni hadi ndevuni, na binti hakuacha. Lilipoisha ziwa hili akageukia lile. Mtoto mikononi mwangu alikuwa akilia kwa njaa, chakula chake kinakwenda, na mama yake hakugeuka kumtazama mpaka mumewe alipoleta jerikeni aliyoikopa mtaa wa juu. Tukaendelea kwa maji. Kisha baba akapandishwa kwenye pikipiki, kijana mbele, mama nyuma, yeye katikati na kitambaa chenye maji usoni, wakaenda hospitali.

Daktari aliliosha tena kwa muda mrefu, akatia dawa, akalifunga. Aliuliza tulitumia nini nyumbani. Mama akasema maji na maziwa, na hakufafanua ni maziwa gani. Daktari akasema maji safi ndiyo bora, ila kusubiri ndiko kungelimaliza kabisa. Sumu ilikuwa imechubua kioo cha jicho. Huenda lingepona, huenda lisingepona. Hakutaka kuahidi.

Basi siku zile baba alishikwa mkono kupelekwa chooni. Mama alimpeleka, akamrudisha, na hakuna kati yao aliyelisemea. Nilikuwa nawasikia wakipita koridoni, kandambili zao zikiburura sakafu, naingia chumbani kwangu nalia.

Hapo ndipo nilipojua majirani zetu ni nani. Kijana alituletea maji kila asubuhi kabla hajatafuta abiria wa kwanza, maji yalipokuwa yamerudi na hata yalipokatika tena. Bibi alileta mkungu mzima wa matoke, mbichi. Alisema anajua hatuwezi kula kutoka kwenye sufuria zake, kwa hiyo mama apike kwenye zake. Nilimshukuru siku hiyo na ninamshukuru leo. Mtu uliyemfukuzia mifugo yake, halafu anakaa kufikiria sufuria zako.

Msikitini nako habari ilifika, ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha. Wazee wenzake walikuja kumpa pole, na pole ilipokwisha wakaanza utani. Walimuuliza kama sasa amekuwa mtoto wa kunyonya wa kule kwa jirani, na kama atapelekwa Lubaga kubatizwa. Baba, amelala na kitambaa machoni, akawajibu kama alivyo mwalimu. Akawakumbusha kwamba udugu wa kunyonya ni wa mtoto mchanga, tena ni kwa maziwa yaliyoingia tumboni, hayakutajwa ya jichoni. Wakacheka. Yeye akangoja wamalize.

"Sheria haikunifanya mwanawe," akasema. "Nimejifanya mwenyewe."

Mmoja wa wazee akaomba chai.

Kitambaa kilipotolewa, kwanza aliona ukungu. Baadaye akaona dirisha. Siku kadhaa zikapita, akaniambia nguo niliyovaa haijapigwa pasi, na hapo mama akaketi chini sakafuni akasema alhamdulillahi mpaka sauti ikakauka. Jicho limebaki na doa dogo, na mwanga wa mchana unaliumiza, lakini linaona.

Siku aliyopata nguvu alivaa kanzu, akanichukua, tukazunguka kwa jirani. Hakuwahi kuvuka lango lile. Alianza na bibi. Akamwomba radhi kwa ajili ya mwenyekiti na yale yote, akamwambia nguruwe warudi, ila kama inawezekana wakae upande ule mwingine wa uwanja. Bibi akasema atafikiria. Alikuwa anaona raha, na haki yake.

Kisha binti akatoka jikoni, mtoto mgongoni, akapiga magoti kumwamkia kama Waganda wanavyofanya. Baba naye akainamisha uso. Ndiyo desturi yake kwa kila mwanamke asiye wa nyumbani kwake. Huzungumza na wewe akitazama ardhi. Binti huyu alikuwa ameolewa hapo, akapata mimba, akazaa, wanasalimiana karibu kila siku, na baba angeweza kupishana naye sokoni asimjue. Na siku ile ya swila alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, lakini hakuwa na jicho la kumwonea.

Nilidhani atashukuru kwa adabu zake, akiitazama sakafu, turudi.

"Mama," akamwita, "sijawahi kukuona. Naomba ruhusa nikutazame."

Binti alimwangalia bibi, akaniangalia mimi. Kisha akafuta mikono kwenye nguo yake, akasimama wima.

"Tazama tu, Mzee," alisema. "Ni mimi huyu."

Baba akainua uso.