Sauti ya Chumba Kisichofagiwa

Harufu ya ubani ikipanda alasiri, bado nakisikia Kijojia. Nyumba yetu ya Ibra, Omani, ilikuwa na chumba cha juu chenye dirisha dogo linalotazama mitende, na humo dada yangu Zuwena alikuwa akijifunza lugha ya Jojia, nchi aliyokuwa akienda kusomea udaktari. Alikariri kwa sauti mpaka mbuzi wa jirani wakanyamaza. Kitenzi cha kule, alituambia, humfuata mtendaji kama chetu: "me var", mimi nipo, "shen khar", wewe upo, "is aris", yeye yupo. Bibi yetu, mzaliwa wa Unguja, alicheka: "Basi hawa jamaa zetu, ila wana mafua." Ukawa mchezo wa nyumba nzima. Zuwena akisema "Me var" kutoka juu, sisi wa chini tulimjibu "Shen khar."

Aliposafiri, Bibi alikataza chumba kisifagiwe mpaka apige simu kuwa amefika, maana kufagia nyuma ya msafiri ni kumfukuza. Simu haikuja. Mama alipiga asijibiwe, akawa hali wala halali. Ndipo alasiri moja, nikimpepea Bibi ukumbini, sauti ya Zuwena ikashuka ngazi: "Me var." Nilifungua mdomo nijibu, Bibi akaniziba kwa kiganja. "La, habibti! Usiyemwona akikuita, usiitike." Hiyo ilikuwa sheria yake tangu nipate akili, anayeitika huchukuliwa. Sauti ikarudi, dhaifu zaidi, kama ya mtu anayezama usingizini. Bibi aliniziba masikio, lakini niliiona midomo yake ikitamka, "Shen khar." Magharibi ile simu ililia. Zuwena alikuwa hospitali. Homa ilimwangusha alipofika tu, na alikuwa amezinduka hivi punde. Aliuliza ni nani aliyekuwa akimjibu.

Siku hizi Zuwena ni daktari Nizwa. Wanangu wanaongea Kiarabu na Kiswahili cha kuokoteza, na wakinitaka hawaniiti, hunitumia ujumbe kutoka chumba cha pili. Bibi tulimzika mwezi uliopita, na chumba chake sijathubutu kukifagia. Jana alasiri, nikipita mlangoni pake na chetezo cha ubani, binti yangu mdogo akinifuata, nilisikia "Me var," kwa lafudhi ile ile ya Bibi, ya Unguja. Niliogopa, sitadanganya. Niliweka chetezo chini, nikamziba binti yangu masikio, kisha nikajibu.