Macho ya Mama Selina

Nilipokuwa mtoto kule Moiben nilisema uongo mwingi mdogomdogo, wa kuficha sukari niliyolamba, na mmoja tu wa maana. Ule wa maana ndio ulioaminiwa na kila mtu.

Mdogo wangu Kiprono alikuwa na ngozi kavu, iliyopasuka nyuma ya magoti na kwenye viwiko, na alijikuna hadi damu. Msimu wa kupukuchua mahindi, Mama alinikataza kumwingiza stoo kwa sababu ya vumbi. Lakini nilikuwa na miaka tisa na nilijua kila kitu. Nilimwingiza, tukarukaruka juu ya magunzi mpaka tukawa weupe kwa vumbi. Jioni kifua chake kikaanza kupiga mluzi, mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi.

Gogo, nyanya yetu, hakuuliza habari za vumbi. "Nani amemwangalia huyu mtoto leo?"

Kwetu wapo watu wanaosemekana kuwa na macho. Wakimtazama mtoto, huyo mtoto huugua, na dawa yake ni yuleyule aliyemtazama amtemee mate. Niliona nimepata pa kuponea.

"Mama Selina," nikasema. Jirani yetu huyo alikuja asubuhi kuazima turubai, akamsifu Kiprono kwamba amenenepa. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Aliitwa, akaja akijifuta mikono kwa leso. Hakubishana. "Kama ni mimi, sikujua," alisema, akamtemea mdogo wangu mate kifuani, machozi yakimtoka. Kiprono, ambaye sasa alikuwa nje kwenye hewa safi, alianza kupumua vizuri kabla ya chakula. Gogo alinimiminia mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, kikombe kizima kwa kuwa mtoto mwenye akili. Nilikunywa yote.

Tangu siku hiyo, Mama Selina akipita njiani, wamama walifunika watoto wao.

Sasa naishi mjini, kwenye mtaa uitwao West Indies, na binti yangu ana ngozi ileile ya mjomba wake. Mwezi uliopita naye alianza kupiga mluzi. Daktari aliniuliza kama kuna mwenye pumu kwetu. Nikamtaja Kiprono, ambaye hadi leo hatembei bila inhela. Akanieleza kwamba watoto wa ngozi hiyo mara nyingi vifua vyao pia havipatani na vumbi. Nililia mpaka akanipa tishu, akidhani namlilia mtoto.

Jumamosi nilikwenda Moiben. Mama Selina alikuwa uani akichambua maharagwe. Alipoona nimebeba mtoto, aligeukia ukuta.

"Mfunike kwanza, Jerop, ndio tusalimiane."

Sikumfunika. Niliuambia mgongo wake kila kitu: stoo, magunzi, hofu yangu ya kuchapwa. Nilimwomba msamaha. Aliendelea kuchambua maharagwe yaliyokuwa mkononi, moja moja.

"Nimesikia, mama. Nimekusamehe," alisema mwishowe, bila kugeuka. "Lakini huyo mtoto ni mgonjwa. Mfunike tu."

Nilikuwa nimekwenda nikidhani ukweli utamrudishia jina lake. Kumbe kwa miaka yote hiyo hata yeye alikuwa ameniamini. Nilitoa shali begani, nikamfunika binti yangu uso, ndipo Mama Selina akageuka na kunipa mkono.