Chakula Kisipoponya

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu Holo, na kila nikiikumbuka nasikia harufu ya maziwa. Umeniambia umepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya lishe tiba, kama nilivyosoma mimi shangazi yako, na umeniuliza masomo yenyewe yakoje. Nimefurahi, Mungu ni shahidi. Ila habari za masomo utazikuta huko huko. Mimi nikupe hii, ambayo sidhani kama kuna mwalimu atakayekuandikia ubaoni.

Zama zetu, ukisema unasomea lishe, watu walidhani unasomea upishi. Baba, pale Nkoma, aliulizwa na wenzake mnadani iweje amsomeshe binti mpaka digrii ya pili ili ajue kusonga ugali, kazi ambayo mama yake angemfundisha bure. Alicheka tu. Mimi sikucheka, nilisoma kwa hasira, nikitaka waone. Mgonjwa wa figo ale nini, wa kisukari ale nini, aliyeungua moto alishweje, yote niliyashika. Tulipopelekwa fildi, yale mafunzo ya vitendo ambayo usipoyapita husajiliwi, nikaomba kurudi nyumbani. Nikapangiwa hospitali moja hapa Bariadi, chini ya mtaalamu mmoja mpole tuliyemwita Madam Limi.

Wodini nilimkuta Mzee Masunga, mfugaji kutoka Lingeka, kule Meatu. Saratani ya koo ilikuwa imemziba, hata kumeza mate hakuweza. Alilishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani. Mkewe, Mama Nkwimba, alifikia kwa ndugu zake mjini, na kila asubuhi alikuja na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wao, aliyoletewa kwa basi.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma chetu. Naye aliitikia huku akininyooshea kibuyu kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto.

Niliyachemsha, nikayachanganya na vingine kwa vipimo vyangu, tukamlisha. Mwanzoni mzee alipata nguvu. Aliweza kukaa, akainua mikono kichwani mfano wa pembe, akimuuliza mkewe kwa ishara kama ng'ombe wamekunywa maji. Tulicheka wote watatu. Nikaona nimeshinda.

Kumbe ulikuwa mwanga wa muda tu. Ugonjwa ulimzidi, na tumbo likakataa. Tulichokiingiza kilirudi, kifua kikawa kinakoroma. Nikapiga hesabu upya, nikampelekea Madam Limi: tumpe kidogo kidogo, polepole zaidi. Alikuja, akamwekea mzee kiganja tumboni, akamsikiliza kifua.

"Hesabu yako haina kosa," aliniambia tulipotoka. "Lakini mwili huu umeshakiaga chakula. Daktari naye ameona hivyo. Tukizidi kumjaza, tutamzamisha."

"Basi tumwache na njaa, Madam?"

"Njaa hana tena, mdogo wangu. Tunayo sisi."

Nikauliza nani atamwambia mkewe. Akasema ni mimi, kwa kuwa maziwa yake nilikuwa nayapokea mimi.

Siku hiyo alikuwa amefika pia Shija, mdogo wake Mzee Masunga. Niliwaeleza kwa Kisukuma, taratibu, kwamba hatutamlisha tena kwa mpira. Shija akasimama.

"Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Ninyi mnamnyima hata maziwa ya ng'ombe wake?" Kisha akamgeukia Mama Nkwimba. "Na wewe, shemeji, umekubali? Kaka yangu afe na njaa, nawe umeshika kibuyu?"

Mama yule alikaa chini sakafuni, kibuyu mapajani. Nikamwona atakavyorudi Lingeka, na kila mvua ikikosekana, kila mtoto akiugua, ataambiwa ni yule aliyemuua mumewe kwa njaa.

"Baba, asilaumiwe mama," nikasema. "Hajamnyima yeye. Mpira nimeufunga mimi, kwa sababu chakula sasa kinamuumiza. Mkiulizwa nyumbani, semeni ni mimi, binti wa Nkoma."

Akanitazama kwa chuki, akatoka.

Madam Limi akaleta pamba safi na kikombe kidogo cha maziwa. Akamwonyesha Mama Nkwimba namna ya kuilowesha na kuikamua, kisha kumpitishia mumewe midomoni. "Aonje tu," alisema. Mzee aliramba, taratibu sana, akafumba macho. Mkewe akaanza kumtajia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, na jinsi kila mmoja alivyo. Mzee akafa mchana ule ule, ng'ombe hawajaisha kutajwa.

Nililia mpaka kichwa kikaniuma. Mwaka uliofuata nikahitimu, nikasajiliwa, nikafanya kazi mpaka nywele zimekuwa hivi. Nilisikia Mama Nkwimba aliishi kwa amani na shemeji zake hadi alipomfuata mumewe. Shija mimi hakunisamehe. Tulikutana mara kadhaa sokoni. Shikamoo yangu hakuiitikia hata mara moja, mpaka naye akafariki. Hilo bado linaniuma, nisikufiche.

Sasa nisikilize, mwanangu. Hesabu zisome zote, usiruke hata moja, maana ningekuwa nimekosea vipimo, nani angejua kama ni mwili uliokataa au ni mimi niliyelisha vibaya? Usajili upate kwa haki. Lakini usimwahidi mtu kwamba chakula kitamponya. Mwahidi kwamba utamlisha vema maadamu mwili unapokea. Na siku itakayobidi usimamishe, waambie wenyewe kwa lugha ya nyumbani kwao, usiwaachie karatasi. Lawama ikitafuta mahali pa kukaa, usiache imkalie mjane. Ichukue wewe. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na hiyo ndiyo nundu ya kazi hii. Itakuuma, na hutazoea. Usizoee.

Nenda, mwanangu Holo. Mungu akupe wagonjwa wengi watakaoinuka na kula kwa mikono yao wenyewe. Na kwa wale wasioinuka, akupe moyo wa kukaa nao hadi mwisho. Baraka za babu yako zikufuate, na zangu pia.