Shamba Walilomsafishia Daktari

Nilipanda treni Voi nikiwa na sanduku la mbao na cheti cha sekondari. Nairobi tukabadilisha mabehewa, na Timboroa baridi ikaniingia mifupani hadi nikavaa mashati yangu yote kwa pamoja. Nilishuka Eldoret nikitetemeka. Nimeishi miji mingi tangu hapo, na sasa nimepita miaka arobaini, lakini nikisikia harufu ya mabua makavu yakiungua, narudi kule Moiben.

Nilipata kazi ya udereva huko Moiben, nje ya Eldoret, kwenye kituo kidogo cha utafiti cha chuo kikuu. Mkuu wake alikuwa mtaalamu wa wadudu wa mazao, mzee mpole aliyefundisha chuoni kwa miaka mingi. Alichunguza funza anayetoboa bua la mahindi, na wakulima wakamwita Daktari wa Funza. Wengi wao walikuwa wamehamia juzi tu, baada ya kununua kwa pamoja shamba la mzungu lililotuzunguka na kugawana.

"Daktari, wagonjwa wako wamekula leo?" mama mwenye duka alimuuliza kila alipokwenda kununua chumvi.

"Wamekula vizuri, Mama. Wanakusalimia."

"Usiwatume kwangu."

Kila baada ya mavuno aliwafundisha jambo moja: chomeni mabua, funza hulala humo wakingoja mvua. Ya kwake hakuyachoma. Aliyaacha yamesimama katika shamba la majaribio nyuma ya kituo, kwa sababu ndani ya funza wale walikuwamo nyigu, wadogo kuliko chawa, wanaowala funza wangali hai. Alitaka kuonyesha kwamba nyigu hao huvuka kiangazi, ili siku moja mkulima asihitaji kununua dawa.

Alipostaafu, chuo kiliamua kumfanyia sherehe palepale kituoni. Wakuu wangeyaona mabua, kisha waamue kama kituo kiendelee au kifungwe.

"Hotuba zao sizijali," aliniambia garini tukienda kuwapokea mjini. "Nikiwapasulia bua moja wakaona nyigu, kituo kitabaki."

Tuliporudi na wageni niliona moshi tangu barabarani. Nikadhani ni wa nyama. Nilipozunguka nyumba ya kituo, mguu ulikanyaga breki wenyewe. Shamba la majaribio lilikuwa jeusi, limefagiliwa hadi kwenye seng'enge. Wakulima walisimama pembeni, majembe mabegani, nyuso zimejaa majivu, wakipiga makofi.

Daktari aliposhuka, mama wa duka akaja mbele. "Daktari, pole na safari. Tuko hapa toka asubuhi. Tulisema, huyu mzee anatufundisha tuchome, na hiyo yake imesimama tu kwa sababu hana watu. Wageni waone hiyo mahindi ya funza siku yako, si tutaaibika sisi wote?"

"Hata moja hatukuacha," akasema mzee mmoja mwenyeji wa pale. Akamvika shingoni sinendet, mmea utambaao ambao watu wa huko humvika wanayemheshimu.

Daktari alisimama ameshika mlango wa gari.

"Majaribio yako wapi?" mgeni mmoja akauliza kwa sauti ya chini.

Daktari aliingia kwenye majivu, akaokota kisiki cha bua, akakivunja. Ndani mlikuwa na makaa. Akakiacha kianguke, akarudi na kuwapa wakulima mkono, mmoja mmoja.

"Mmechoma vizuri," alisema. "Hivyo hivyo kila mwaka."

Hotuba zilisifu utumishi wake. Sikumbuki hata neno. Nakumbuka mama wa duka akimwongezea nyama. "Kula, Daktari. Leo huna wagonjwa wa kulisha." Watu wakacheka. Naye akacheka, na kicheko kile kilinishtua kuliko moshi.

Kituo kilifungwa. Nilitaka kuwaambia wakulima walichokuwa wamefanya, akanikataza. "Wakijua, wataogopa kuchoma. Na funza bado wapo."

Siku niliyoondoka kabisa nilikuwa narudisha gari la kituo Nairobi, alikohamia Daktari. Mavuno yalikuwa yamekwisha tena, na mashamba ya pande zote mbili yalikuwa meusi, safi. Mama wa duka akanisimamisha barabarani.

"Dereva, mwambie Daktari yetu pia tumechoma yote."

"Nitamwambia, Mama."

Nilipandisha kioo, maana majivu yalikuwa yanaingia ndani, nikaondoka.