Nilijifungia Ndani ya Programu Yangu

Sifa njema zote ni za Mola, aliyenipa umri wa kutubu na akili ya kuyakumbuka niliyoyafanya. Namshukuru hata kwa aibu hii.

Wasomaji wangu, nilikosa! Tena kwa makusudi.

Enzi za Zaire niliendesha kompyuta pekee ya ofisi yetu ya mizigo hapa Kindu. Programu ya kugawa mizigo katika mabehewa ya treni niliiandika mwenyewe. Kila mstari ulikuwa na namba yake, nami nilipenda amri moja tu: ruka. Behewa likijaa, ruka uende mstari ule. Uzito ukizidi, ruka kule.

Mwenzangu Assani alinisihi tuipange upya. "Mzee, kinachorudiwa tukizungushe pahali pamoja mpaka kiishe. Kila kazi ndogo ikae peke yake; ukiiita, inafanya, inakurudisha ulipotoka. Hii yako njo njia za panya!"

Nikacheka. Moyoni nilifurahi: wasipoielewa, nani ataninyang'anya kiti? Ee Mungu, kiburi gani kile!

Kisha mdogo wangu akaja kwa baiskeli kutoka kwetu Kailo.

"Yaya, kaka yangu, mama iko mubaya sana. Anataka wewe njo umusomee dua."

Nikaomba ruhusa. Mkuu akatikisa kichwa. "Citoyen," akaniita, yaani raia, kama tulivyoitana enzi zile, "treni inapakiwa. Nani atabaki na mashini? Fundisha muntu kwanza, njo utaenda."

Nikakaa na Assani. Kidole chake kilifuata mistari, kikaruka, kikaruka tena, kikasimama.

"Mzee, nimefika huku. Sasa narudi wapi?"

Nikatazama. Sikujua! Mimi niliyeiandika!

Kailo ni karibu, ndugu zangu. Karibu! Nami nimekaa palepale, nawinda mstari mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyepotea nyumbani kwake.

Treni ilipoondoka ndipo nami nikaondoka. Kailo nikakutana na watu wakitoka makaburini. Mdogo wangu hakunilaumu. Alisema tu, "Kila mulango ukilia, alikuwa anageuka."

Niliporudi nikamwambia Assani avunje yote. Tukaijenga kwa vipande, kila kipande na mwanzo wake na mwisho wake, akaiendesha bila mimi. Tangu hapo kila nilipoomba ruhusa nilipewa. Lakini Kailo nilikuwa naenda kwa nani?

Wewe unayeandika programu, au unayeshika kazi yoyote, usiifanye fumbo ili wakuhitaji. Watakuhitaji kweli, hata siku usiyotaka!

Mungu akubariki wewe uliyenisoma, akufikishe mapema kwa anayekusubiri. Amina.