Nyanya zangu za ndoo zilikosa pumzi, karibu nibebwe na pickup mpaka Athi River

Wakuu, sasa? Wa karibu na wa mbali, nawasalimia wote.

Hii naileta vile ilitokea. Pahali nilikuwa mjinga, nitasema nilikuwa mjinga, na mtaona hapo ni pahali pengi.

Miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa naishi Katelembo, na mimi ni mtu wa nyumbani. Si kidogo. Form four nilimaliza, certificate iko, lakini nikivuka gate ya boma yangu naanza kusikia homa.

Shida ilikuwa shemeji.

Kaka ya mke wangu alikuwa supervisor kwa kiwanda kimoja Athi River, na alikuwa amenipatia kazi ya kupakia mizigo. Ningekaa huko kwa bedsitter na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi, wakuu! Mimi ambaye hata kwa harusi nikilala kwa watu usingizi unakataa kuja.

Sasa nilikuwa nimesikia kwa redio kipindi cha kulima bila udongo. Unachukua ndoo, unatia maji na mbolea ya kuyeyuka, mmea unakaa kwa mfuniko, mizizi inaning'inia ndani. Hakuna jembe. Hakuna kuinama. Nikajua Mungu ananijua kwa jina.

Nikaomba shemeji anipe nafasi. Akacheka mpaka akakohoa.

"Sawa. Nyanya zikiiva kabla mvua ya Novemba ianze, baki. Zisipoiva, nakuja na pickup nikubebe na godoro lako."

Nikapanga ndoo za rangi kwa veranda. Nikatoboa mifuniko, kila tundu likapata mkebe wenye mashimo na kokoto za kushika mche. Mbolea ilinunuliwa na Mama Mutheu, mke wangu, akitoka kufundisha nursery. Mimi kufika town? Zii.

Hapa ndipo niliharibu.

Mnajua sisi Wakamba na maji. Mtoto wa kwetu anafundishwa kufunika maji kabla afundishwe kuomba. Chombo kinajazwa mpaka mdomoni, kinafunikwa, na usiache hata mvuke utoroke.

Kwa hivyo nilijaza ndoo mpaka juu kabisa. Nikaziba kila nafasi na nailoni, nikafunga na raba za tyubu. Safi! Tone halipotei.

Mwanzo miche ilikuwa sawa, mizizi ikiwa midogo. Halafu ikaanza kunyauka mchana. Nikaongeza maji. Ikanyauka zaidi.

Jirani yangu Mutua, fundi wa baiskeli, akachungulia juu ya ua.

"Baba Mutheu, mmea ukinyauka ukiwa umesimama ndani ya maji, mgonjwa si mmea. Ni wewe."

Nikafungua ndoo moja. Aiya! Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, na harufu ni ya mtaro.

Ndipo nikakumbuka biology ya form two. Mizizi pia inapumua. Inataka oksijeni. Kwa shamba inaipata katikati ya chembe za udongo, lakini kwa ndoo yangu nilikuwa nimeifungia kwa nyumba bila dirisha. Hata diagram nilichora, nikapaka rangi vizuri, nikasahau yote.

Nikaenda kwa ua kumuomba Mutua pampu ya miguu.

"Ya nini na huna baiskeli?"

"Ya nyanya."

Alikaa chini, wakuu. "Basi mbele weka thelathini, nyuma arobaini. Na ukipata pancha, niite."

Nikachukua mpira mwembamba, nikaziba upande mmoja, nikautoboa na sindano, nikauzamisha kwa ndoo. Nikikanyaga pampu, mapovu yanapanda. Nikaleta kiti, chai na redio, nikawa nakanyaga.

Mama Mutheu akarudi kutoka shule akasimama hapo na mkoba wake.

"Kyau? Ni nini hii? Kupakia mizigo umekataa, na hapa unajaza ndoo upepo mpaka jasho?"

"Hii nafanya nikiwa nimekaa."

Pole pole mizizi mipya ikaanza kutoka, myeupe. Lakini ilikuwa haba, na goti langu lilikuwa linalia.

Sasa sikieni. Ndoo ya mwisho, kando ya jikoni, mpira haukuifikia. Hiyo sikuwa nimeipa hata povu moja. Na ndiyo ilikuwa na mnyanya mnene kuliko yote, maua tele!

Nikafungua. Maji yalikuwa nusu. Mizizi ya juu ilikuwa inaning'inia hewani, myeupe, na vinywele kama pamba. Ya chini ilikuwa inakunywa.

"Mama Mutheu, hii ndoo inavuja?"

Akachungulia kutoka jikoni. "Nilikuwa nachota kidogo jioni, napatia sukuma yangu. Hiyo maji yako inanenepesha."

Nilitaka kukasirika. Nikaangalia mnyanya. Nikaangalia mwizi. Nikaanza kucheka, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

Mutua akaitikia kutoka kwa ua: "Kumbe fundi ni mama!"

Tukatoboa mifuniko matundu mengine ya kuingiza hewa, tukashusha maji ya kila ndoo kidogo kidogo, mizizi izoee. Pampu nikaiachia maji ya chini, asubuhi na jioni.

Mawingu yakiwa yameanza kushika upande wa Konza, shemeji akakuja na pickup. Alipata tukila muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na kachumbari. Akaona veranda ni nyekundu. Akachuma moja, akauma. Akachuma ingine.

"Hizi umezitia nini?"

"Hewa, shemeji."

Akasema lazima niende Athi River nimtengenezee ndoo zake.

"Ndoo zinaweza kupanda pickup," nikamwambia. "Mimi siwezi."

Akaondoka na ndoo mbili mahali mimi na godoro tungekaa. Tukampungia mkono, na nilifika mpaka kwa gate. Karibu nivuke.

Nilichojifunza: kama unalima kwa maji, usijaze mpaka juu. Acha nafasi mizizi ivute pumzi, na maji ya chini uyatikise au uyapampu.

Wenye pampu za stima, mnapampu mara ngapi kwa siku? Na kuna mwingine aliyezamisha nyanya zake akifikiri anazinywesha, ama ni mimi peke yangu? Mwageni hapa chini.