Maji ya Dhahabu na Upepo wa Mpunga

Siku moja kule machimboni Salamabila siisahau, mwanangu, maana ndiyo siku wenzangu walitaka kunifukuza kwenye kikosi. Nilikuwa kijana wa kuosha mchanga wa dhahabu. Wao walichimba, mimi niliumwaga juu ya ubao uliotandikwa blanketi, maji yapite, dhahabu inase. Kazi nyepesi, utasema. Haya, ngoja.

Mkubwa wetu, Mzee Amisi, alikuwa amenionyesha namna ya kulaza ule ubao, nami nikakariri. Usiku mvua ikanyesha, kijito kikafura. Mimi nikalaza ubao vilevile kama jana, nikaosha mchanga wote wa asubuhi. Tulipokung'uta blanketi, hakuna kitu. Jasho la watu limekwenda na maji! Aibu ilinishika.

"Huyu arudi kwao Lusangi akalime," wakasema. Mzee Amisi akawanyamazisha, akaniita pembeni.

"Kwenu munalima mupunga?"

"Ndiyo, baba."

"Kama munapepeta na upepo iko mukali, munafanyaka namna gani?"

Nikamjibu kwamba ungo tunaushusha karibu na mkeka, la sivyo punje nzuri zinaruka pamoja na makapi. Kwetu hata mtoto anajua hilo.

"Basi weka hizi kazi mbili pamoja. Kule makapi inabebwa na nini? Na hapa, muchanga?"

Nikatazama kijito. Kumbe! Maji ndiyo upepo wenyewe, na dhahabu ndiyo punje. Sikungoja kuambiwa. Nikapunguza mwinuko wa ubao, nikaziba kwa udongo nusu ya mfereji ulioleta maji kwenye ubao. Mzee akanipa beseni moja la mchanga mpya, wenzangu wamenisimamia, mikono wamekunja. Safari hii blanketi lilibaki na vipunje vya njano, na hakuna aliyetaja tena Lusangi.

Ninyi vijana mnapenda kukariri. Mwalimu akibadilisha hesabu kidogo tu, akatoa ndizi akaweka baiskeli, mnalia kwamba hamkufundishwa. Kuuliza si ujinga, lakini anza kujiuliza mwenyewe: jambo hili linafanana na lipi ninalolijua? Yaweke yote mawili bega kwa bega. Yanapofanana, hapo ndipo penye mzizi. Tazama na yanapoachana, maana ungo si ubao.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie akili, na ulichojifunza shambani kikulinde popote utakapofika.